Kitabu Kilichokosa Kurasa za Mwisho

Nakumbuka siku moja, mpunga ukiwa umeanza kuchanua, ng'ombe wa jirani waliingia katika majaruba yetu wakala sehemu kubwa ya chakula cha mwaka ule. Nakusimulia habari hii, mwanangu, kwa sababu juzi ulisimama mbele ya kabati langu hapa Kagongwa, ukavigusa vitabu kimoja kimoja, ukaniuliza kwa nini bibi mzima kama mimi anasoma hadithi za kutunga wakati kuna vitabu vya maana vya biashara na kilimo. Sikukujibu. Nilikuwa napepeta mchele, na swali kama lile halijibiwi na mtu aliyeshika ungo. Leo nina nafasi. Vuta kigoda ukae, na hiyo simu iweke chini kidogo.

Wakati huo tulikaa kijiji kimoja upande wa Isaka, mahali ambapo usiku ukitulia unasikia treni ya mizigo ikipita. Baba yangu, Mzee Shija, alikuwa mtu wa kazi na wa neno moja. Akisema leo tunapalilia, tulipalilia hata mvua ikinyesha. Nyumbani tulikuwa wanne: Baba, Mama, Bibi Nyamizi aliyemzaa Baba, na mimi, Kabula, binti niliyemaliza darasa la saba na kujiona nimemaliza elimu yote ya dunia.

Zamani tulikuwa watano. Kaka yangu Masanja alikuwa ameondoka kwenda Geita kuchimba dhahabu, na Baba alikuwa amemkataza. Walitupiana maneno mbele ya zizi, watu wakisikia. Masanja akaondoka na nguo alizovaa, na Baba akatangaza kwamba jina la kijana yule lisitajwe tena katika kaya yake. Ukimwambia yule ni mtoto, alikujibu kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Mama hakubishana naye. Lakini kila redio ya jirani ilipotaja kwamba duara, yaani shimo la wachimbaji, limetitia huko machimboni na watu wamefukiwa, Mama aliacha sufuria motoni akaenda kusimama nje peke yake. Sote tulijua kwamba siku moja duara litakalotajwa linaweza kuwa la Masanja, naye na baba yake hawajasemezana.

Sasa turudi kwa ng'ombe. Mchungaji wao alikuwa Maganga, kijana wa jirani, mwenye ndevu zilizokuwa bado zinatafuta njia. Baba alimkuta amekaa juu ya kichuguu, kitabu kimefungwa mapajani, anaangalia mbele bila kuona kitu, na nyuma yake ng'ombe wako ndani ya mpunga hadi tumboni. Mwanangu, kwa Msukuma kusahau jina la shangazi yako ni jambo la kusameheka. Kusahau ng'ombe unaowachunga, tena mchana kweupe, watu huuliza kama umerogwa.

Wazee walikaa siku ile ile. Baba alidai mtamba, na baba yake Maganga hakupinga, maana uharibifu ulionekana kwa macho. Aliongeza na lake: alikuwa amekuja na mfuko wa vitabu vya mwanawe, na akasema atavichoma mbele ya wote ili kijana apate akili. Maganga alikuwa amekaa chini, kichwa kimeinama. Nilimtazama nikaona kwamba la mtamba alilimeza, lakini la vitabu lilikuwa linamkaba.

Hapo Bibi Nyamizi akaomba kusema.

"Mtamba tumepokea, wabeja, asanteni," alisema. "Lakini mpunga ule ulikuwa wa kwangu pia, na mimi sijadai changu."

"Unadai nini, mayu, mama yetu?" mzee mmoja akamuuliza.

"Namdai huyu kijana. Aje kwetu jioni, akae shikome, atusomee hivyo vitabu. Mimi nimekua kwa maziwa ya ng'ombe, nimeolewa kwa ng'ombe. Katika umri wangu wote sijaona kitu cha kumsahaulisha Msukuma ng'ombe. Nataka nikione kabla sijafa."

Wazee walicheka, hata baba yake Maganga akacheka, na mtu akishacheka kuchoma vitabu kunamwia vigumu. Ikaamuliwa kwamba Maganga atakuja kila jioni mpaka mpunga uliosalia uvunwe.

Njiani kurudi nyumbani nilimwambia Bibi, kwa sauti ya msomi, kwamba hadithi za kwenye vitabu ni uongo, na kama ni kusoma afadhali yasomwe mambo ya kweli. Unaona, sikuwa mbali na wewe. Bibi alisimama akanigeukia.

"Kabula, mwongo ni yule asiyetaka ujue kwamba anakudanganya. Huyu wa hadithi amekuambia mapema kwamba anatunga. Amekutendea haki kuliko wanunuzi wa pamba na mizani yao ya kupunja. Usimwite mwongo mtu ambaye hujamsikiliza."

Bibi alikuwa hasemi sana, lakini akikukemea, unaenda na kemeo lake hadi kitandani.

Maganga alikuwa na vitabu vinne. Alivipata Kahama, alikokwenda kubeba mizigo katika duka la mzee mmoja wa Kihindi, mtu wa swala tano na maneno machache, aliyekuwa akinunua vitabu chakavu kwa kilo ili afungie karanga na bizari. Maganga alipoona kurasa zinachanwa, aliomba alipwe vitabu badala ya ujira wa siku ile. Mzee alimtazama sana, akamwambia achague.

Basi tukawa tunakaa shikome, pale penye moto wa jioni ambapo wanaume huota na kufundisha vijana. Bibi alikaa pamoja nao kwa haki ya umri. Mimi na Mama tulikaa nyuma kidogo, karibu na ghala. Baba naye alikuwapo, kwa kuwa moto ulikuwa wake, lakini alikaa ametupa mgongo, ananoa jembe. Alitaka ieleweke kwamba yeye hasikilizi.

Cha kwanza kilikuwa cha magonjwa ya ng'ombe. Nakwambia ukweli, sijasoma mpaka leo mtu anayejua ng'ombe kama yule mwandishi. Alieleza ndigana, jinsi tezi zinavyovimba chini ya sikio na ndama anavyohema, ukajua kabisa kwamba huyu amekesha zizini na ndama wake akafa. Hakuweka neno la kujionyesha hata moja. Wanaume walibishana naye kama vile yuko hapo motoni, mmoja akasema la kupe ni kweli, mwingine akasema hapana. Mimi nilijifunza kwamba kitabu cha maarifa kikiandikwa na mtu anayempenda mnyama, hata ugonjwa unasomeka vizuri.

Cha pili kilikuwa safari za mtu mmoja katika nchi za baridi. Aliandika kwamba huko ziwa hugeuka gumu, malori yakapita juu yake. Bibi alimnyooshea Maganga mkono.

"Kijana, funga hicho. Huyo alikuwa amelewa."

"Ni kweli, bibi. Imeandikwa ni habari za kweli."

"Hata mlevi husema ni kweli."

Hakukubali mpaka anaingia kaburini. Mimi nimekirudia kitabu kile mara nyingi, na ninachokipenda si lile ziwa. Ninapenda pale msafiri, mwanaume mzima, anapokiri kwamba usiku wa kwanza alilia kwa baridi na kwa kumkumbuka mama yake. Wasafiri wengi wanaoandika hutaka tuwaone mashujaa, lakini yule alikubali tumwone analia. Namheshimu kwa hilo.

Cha tatu kilihusu mawe na uchimbaji: miamba inavyolala, maji yanavyopenyeza udongo, shimo linavyokazwa kwa magogo ili lisianguke. Kilikuwa kikavu kama mhogo wa juzi. Maganga alisoma kidogo tu, akafika kwenye neno "machimbo", na Baba akainuka akaondoka. Mama aliangalia chini. Maganga akakirudisha mfukoni, na jioni ile tulilala mapema.

Kilichobaki kilikuwa cha hadithi.

Kilikuwa kimechakaa, hakina jalada, kwa hiyo hata jina la mtunzi sijalijua, na hilo linaniuma, maana ningependa kumwombea kwa jina. Ilikuwa habari ya mchimba visima katika nchi kame. Alitaka mwanawe wa pekee arithi kazi ile, kijana akataka kwenda mjini kupiga tarumbeta. Wakagombana, kijana akaenda. Miaka ikapita, mzee akaendelea kuchimba peke yake, akiajiri watu wa kushika kamba juu, na kila aliyemwajiri akamwona hajui kushika kamba. Mtunzi hakuandika popote kwamba mzee alikuwa anamkumbuka mwanawe. Aliandika kamba tu, jinsi mzee alivyolalamika inavutwa haraka, inavutwa polepole, mikono hii si yenyewe. Wewe msomaji ndiye unayejua kinachomsumbua kabla yeye mwenyewe hajajua. Tangu siku ile nimesoma vitabu vingi, vingine vimeandikwa na watu wenye maneno mazito, na bado sijaona aliyefanya jambo kubwa hivyo kwa kitu kidogo hivyo.

Habari zikaenea. Majirani wakaanza kuja na vigoda vyao, wakisema wamepita tu kusalimia. Bibi alikuwa akimjibu mzee wa kitabuni kwa sauti: "Wewe, kamba haina kosa." Na mimi jioni moja nikasikia kitu kimepungua pale motoni. Nilipotega sikio nikagundua ni jembe, halinolewi tena. Baba alikuwa bado ametupa mgongo, lakini mikono yake ilikuwa imetulia.

Tukafika pale ambapo mzee yuko chini kabisa ya kisima, amechoka, maji yameanza kuchuruzika miguuni. Aliyeajiriwa ameondoka. Mzee anasikia hatua za mtu juu, kisha kamba inaguswa, kisha sauti anayoijua inaita kutoka kwenye mwanga: "Baba, nikuvute?"

Maganga akafunga kitabu.

"Endelea," Baba alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha.

"Zimeisha, baba."

"Zimeishaje? Mzee amejibu nini?"

"Kurasa za mwisho hazipo. Zilishafungiwa karanga kabla sijakipata."

Baba aligeuka. "Mtu gani mwenye akili anafungia karanga mwisho wa habari ya mtu?"

Watu walitaka kucheka, lakini uso wake haukuwa wa mzaha. Maganga akasema, polepole, kwamba hata siku ile ya ng'ombe hakuwa anasoma. Alikuwa amefika hapo hapo, akafunga kitabu, akawa anawaza mzee atajibu nini. Alipoinua macho, mpunga ulikuwa umeshaliwa.

"Na ukaona atajibu nini?" Baba akauliza.

"Sikupata jibu, baba. Mimi bado sijawa mzazi."

Bibi Nyamizi alikuwa anachokoa moto kwa kijiti. Hakuinua kichwa. "Shija," alisema, "wewe ni mzazi. Tuambie."

Mama alinishika mkono akaubana. Baba aliangalia moto mpaka magogo yakakatika katikati. Nilidhani atainuka aondoke kama kawaida yake. Badala yake akamgeukia Maganga.

"Kile cha mawe bado unacho?"

"Ninacho, baba."

"Kesho uje nacho. Usome yale ya kukaza shimo."

Basi zile jioni zilizofuata tulisomewa kitabu kikavu kuliko vyote, na hakuna aliyelalamika. Baba aliuliza maswali kama mtoto wa shule. Udongo wa namna gani hutitia? Magogo huachiana nafasi kiasi gani? Maji yakitokea upande mmoja wafanyeje? Alimrudisha Maganga nyuma mara kwa mara mpaka akakariri. Na mimi niliyekuwa nimesema kwamba ya kweli tu ndiyo yenye faida, niliona kwamba kitabu kile cha kweli kilikuwa kimekaa mfukoni muda wote bila faida kwa yeyote. Hadithi ya kutunga ndiyo iliyomfanya Baba akihitaji.

Mpunga ulipovunwa, Baba alinichukua tukapanda lori la mizigo hadi Kahama, na jingine hadi Geita. Mama alitufungia viazi vikavu na karanga, na hakuuliza tunakwenda wapi, kwa kuogopa akiuliza safari itavunjika.

Machimboni tuliulizia hadi tukaelekezwa. Kulikuwa na matope mekundu, turubai za kila rangi, na kelele za mashine za kusaga mawe. Vijana waliokuwa juu ya duara walisema Masanja yuko chini, wakauliza kama tutamsubiri apande au wao wampigie kelele. Baba akasema atamwita mwenyewe. Alivua kofia, akachuchumaa ukingoni, mikono juu ya magoti. Lilikuwa giza tupu mle ndani, na kamba ikining'inia.

"Masanja."

Sauti ikatoka mbali chini, "Nani?"

Baba hakusema ni nani. Nilikuwa nangoja aseme nisamehe, au aseme nimekusamehe, au hata amkaripie. Mtu wa neno moja, na neno lenyewe halikuwa linatoka. Mwishowe likatoka.

"Matimba ya upande wa maji mmeyakaza?"

Matimba ndiyo yale magogo ya kushikilia shimo, na baba yetu, aliyewahi kuondoka motoni kwa kusikia tu machimbo yakitajwa, alikuwa analitaja neno la wachimbaji kama aliyezaliwa nalo. Vijana walioshika kamba walitazamana. Sauti iliyotoka chini haikuwa ile ya kwanza.

"Tumeyakaza, baba."

"Panda nikuone."

Alipanda. Alikuwa amekonda, tope limemganda mpaka kope. Baba alimfuta uso kwa kiganja, shavu moja halafu jingine, kama alivyokuwa akitufuta tulipokuwa wadogo tukitoka kucheza mtaroni. Nililia pale pale mbele ya vijana wa watu, na wala sikuona haya.

Usidhani Masanja aliacha kuchimba siku ile. Hadithi mbaya ndizo huisha hivyo. Alichimba miaka mingine kadhaa, lakini kila mavuno alirudi nyumbani, na Baba alimhoji habari za miamba mpaka ugali unapoa na Mama anafoka. Jina lake likatajwa katika kaya yetu asubuhi na jioni. Na Baba alipofariki, uzeeni, kitandani kwake, kichwa chake kilikuwa mikononi mwa Masanja.

Najua unachotaka kuuliza, nakuona unatabasamu. Ndiyo, Maganga ndiye babu yako. Lakini ya kwetu yana siku yake.

Basi sikia jibu langu, mwanangu, maana kuuliza si ujinga. Soma vitabu vya biashara, usiviache. Soma vya kilimo, vya dawa, vya sheria, vya nchi usizozijua, na ukikuta mwandishi anasema ziwa linageuka gumu, usimwite mlevi kabla hujauliza. Vitabu hivyo vimeandikwa na watu waliohangaika ili wewe usihangaike, na wanastahili heshima. Lakini soma na hadithi. Mtu anaweza kujua shimo lina kina gani na udongo wake ni wa namna gani, na bado asijue aliye ndani yake ni mtoto wa nani. Yule mtunzi asiye na jina hakutufahamu. Hakujua kuna mzee anaitwa Shija, wala hajawahi kufika Isaka. Alikaa mahali fulani akatunga mzee wa uongo, na mzee yule akampeleka baba yangu wa kweli hadi ukingoni mwa duara. Wazee wote wa kijiji walikuwa wamemsihi wakashindwa.

Tena usisome kwa haraka ya kumaliza. Ukifika mahali kitabu kinakuchoma, kifunge, uwaze. Angalia tu usiwe unachunga ng'ombe. Jiulize ni nani katika dunia hii anayengoja jibu lako, na ukimpata, usikae kungoja maneno mazuri. Baba yangu hakuwa nayo. Alikuwa na swali moja la magogo, akalipeleka mwenyewe kwa miguu yake, likatosha.

Nenda, mwanangu. Mola akupe macho ya kusoma mpaka uzeeni, na akupe watu wa kuwasomea. Akuweke mbali na hasira inayoona haya kurudi. Na siku utakapokuwa mahali penye giza, chini kabisa, peke yako, asikose mtu wako wa kuja ukingoni akakuita kwa jina.